Mtakatifu John Henry Newman: Alisoma Historia, Ikamgharimu



Leo nataka tumzungumzie mtakatifu ambaye mimi sikumkuta kwenye novena wala kwenye kadi ya sala. Nilimkuta nikiwa na tasnifu ambayo sikuthubutu kuimaliza.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nasomea masomo ya dini. Mada yangu ilikuwa historia ya parokia yetu ya nyumbani, ile miaka ya mwanzo. Niliichagua kwa mapenzi na, nisiwafiche, kwa majivuno kidogo. Tangu nikiwa mtoto tumesimuliwa kwamba babu yangu mzaa baba ndiye katekista wa kwanza wa parokia ile. Kila jubilei jina lake linatajwa, na baba yangu siku hiyo hukaa benchi la mbele. Mimi nilitaka tu jambo hilo liandikwe kitaaluma, likae.

Paroko akanifungulia kabati la nyaraka. Humo nikakuta daftari la matukio ya misheni, limeandikwa kwa mkono, pembeni limeliwa na mchwa. Nikasoma. Kwa miaka sita kabla jina la babu halijatokea hata mara moja, katekista alikuwa mtu mwingine kabisa. Ndiye aliyewafundisha wale wa kwanza kubatizwa. Ndiye aliyejenga kikanisa cha nyasi. Kisha akaugua, akafariki, na hakuacha mtoto. Babu alipokea kazi ambayo tayari ilikuwa imeanzishwa na mwenzake.

Nililifunga lile daftari haraka, kana kwamba nimekamatwa naiba. Wazo lililonijia lilikuwa hili: ukurasa huu nani mwingine atausoma? Si nikae kimya tu, yaishe? Wiki tatu zikapita sijaandika hata sentensi moja. Ndipo padre mlezi wetu wa chuo aliponipa kitabu cha maisha ya John Henry Newman na kuniambia nikisome kabla sijaamua lolote. Niliyoyakuta humo ndiyo nawaletea leo.

Mtoto wa benki iliyofungwa

Newman alizaliwa London tarehe 21 Februari 1801, mtoto wa kwanza kati ya sita. Baba yake alikuwa na hisa katika benki, kwa hiyo nyumbani hakukuwa na shida. Lakini mwaka 1816, baada ya vita vya Napoleon, mambo ya fedha yakayumba Uingereza na benki ile ikafunga milango. Familia iliyokuwa inaheshimika ikajikuta inahamahama.

John Henry alikuwa na miaka 15, anaumwa, amebaki shuleni wakati wenzake wako likizo. Hapo ndipo Mungu alipomshika. Mwalimu wake mmoja, Walter Mayers, alimpa vitabu vya dini na kuzungumza naye. Kijana yule akaanza kuona kwamba ukiondoa vyote vinavyoweza kupotea, pesa, nyumba na jina la ukoo, wanabaki wawili tu ambao hana shaka nao: yeye mwenyewe na Mungu aliyemuumba. Imani hiyo hakuiacha hadi kifo.

Mwaka huohuo alisoma vitabu viwili vilivyomvuta pande mbili tofauti. Kimoja kilikuwa historia ya Kanisa, chenye vipande vya maandishi ya Mtakatifu Augustino na Mababa wengine, na kijana akawapenda mno. Kingine kilimwaminisha kwamba Papa ndiye Mpinga Kristo aliyetabiriwa. Kwa hiyo tuelewane vizuri: huyu tunayemwita leo Mwalimu wa Kanisa, akiwa na umri wa kidato cha tatu, aliamini kwa dhati kwamba Baba Mtakatifu ni adui wa Kristo. Fikra hiyo ilimkaa kichwani kwa miaka mingi sana.

Akaenda Chuo Kikuu cha Oxford, katika Chuo cha Trinity. Alisoma kupita kiasi, na mwaka 1820 alipofika kwenye mtihani wa mwisho akili ikagoma. Akapata daraja la chini, yeye ambaye wote walimtegemea. Kama na wewe umewahi kurudi nyumbani na matokeo usiyotaka kuyaonyesha, huyu ni mwenzako. Hakukata tamaa. Mwaka 1822 alifanya mtihani mgumu wa kuingia kwenye jopo la wanazuoni wa Chuo cha Oriel, akachaguliwa akiwa na miaka 21. Mwaka 1825 akawa padre wa Kanisa Anglikana, na mwaka 1828 akakabidhiwa kanisa la Mtakatifu Maria, ambalo ndilo kanisa la Chuo Kikuu cha Oxford. Wanafunzi walijaa kumsikiliza. Hakuwa mtu wa kupiga kelele mimbarani. Alisoma mahubiri yake kwa sauti ya chini, lakini kila mmoja aliondoka akihisi ameguswa yeye.

Vitabu vya Waafrika

Mwanzoni mwa mwaka 1828 mdogo wake Mary, ambaye alimpenda sana, alifariki ghafla akiwa na miaka 19. Msiba huo ulimrudisha kwenye mambo ya milele, maana alikuwa ameanza kulewa sifa za usomi. Kiangazi cha mwaka huo alianza kazi ambayo wachache Oxford waliiona ina maana: kuwasoma Mababa wa Kanisa kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine, katika Kigiriki na Kilatini chao.

Hapa naomba sisi vijana wa Afrika tusikie vizuri. Wengi wa walimu hao waliombadilisha Newman walitoka bara letu. Atanasi alikuwa askofu wa Aleksandria, Misri. Sipriani alikuwa askofu wa Karthago, Tunisia ya leo. Augustino alikuwa askofu wa Hippo, Algeria ya leo. Mwingereza huyu alikaa miaka mingi mezani akifundishwa na watu wa kaskazini mwa Afrika waliokuwa wamekufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Tukiambiwa kwamba Ukristo ni dini ya kizungu, tukumbuke jambo hilo.

Utafiti wake wa kwanza mkubwa ulitoka mwaka 1833. Ni kitabu kuhusu Waariani wa karne ya 4, wale waliosema kwamba Mwana si Mungu sawa na Baba. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikuwa umewakatalia, lakini baadaye wafalme na maaskofu wengi waliyumba. Atanasi hakuyumba. Alifukuzwa jimboni kwake mara tano, akarudi kila mara. Newman alimpenda Atanasi kuliko wote, na mbele tutaona kwamba Atanasi hakumwacha salama.

Alipokimaliza kitabu alisafiri kwenda Italia. Akiwa Sicily, mwaka 1833, alishikwa na homa kali hadi mtumishi wake akadhani anakufa. Newman mwenyewe aliamini hatakufa, kwa sababu Mungu alikuwa na kazi naye Uingereza. Kazi gani? Hakuijua. Akiwa njiani kurudi, jahazi lake likakwama baharini kwa kukosa upepo, na hapo akaandika shairi ambalo leo linaimbwa duniani kote kama wimbo wa dini. Ndani yake anamwomba Mungu amwongoze gizani, wala haombi kuonyeshwa safari nzima. Hatua moja inamtosha.

Kioo cha mwaka 1839

Aliporudi, yeye na rafiki zake, akina John Keble na Edward Pusey, walianzisha harakati za kulihuisha Kanisa Anglikana. Walichapisha vijitabu, na kuanzia 1833 hadi 1841 vilifika 90. Hoja ya Newman ilikuwa kwamba Kanisa lake linapita njia ya kati: halijaacha urithi wa Mitume kama Waprotestanti, na halijaongeza mambo kama Roma. Hoja nzuri, yenye heshima, na watu waliipenda. Naye akawa mtu maarufu kuliko wengi pale Oxford.

Ikaja likizo ya mwaka 1839. Newman akaamua kuitumia kusoma mabishano ya karne ya 5 yaliyofikishwa kwenye Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, kuhusu Kristo kuwa Mungu kweli na mtu kweli. Hakuwa anatafuta ugomvi na mtu. Alikuwa anasoma tu, kama mimi na wewe tunavyosoma kwa ajili ya mada yetu. Lakini kadiri alivyoendelea, akaanza kuona kitu kinachotisha. Kulikuwa na upande uliovuka mipaka, kulikuwa na upande uliotafuta njia ya kati, na kulikuwa na Papa Leo huko Roma aliyesimama pale aliposimama. Na walioshika ukweli hawakuwa wa katikati. Newman akajitazama humo kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Akajiona yuko upande wa wale waliokosea.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi najua nilichofanya: nililifunga daftari. Newman hakukifunga kitabu. Wala hakukimbilia kuhama Kanisa. Alitulia, akaomba, akaendelea kuchunguza, kwa sababu alijua kwamba mtu anaweza kudanganywa na msisimko wa siku moja. Kwa muda mambo yakaonekana kutulia.

Mwaka 1841 akarudi kwa Atanasi, safari hii akimtafsiri kwa Kiingereza. Picha ileile ikajitokeza tena: Waariani upande mmoja, wale nusu Waariani katikati, na Roma mahali palepale. Mwaka huohuo kijitabu chake cha 90 kikaleta kishindo. Alikuwa amejaribu kuonyesha kwamba Vifungu 39 vya imani ya Kanisa Anglikana vinaweza kusomwa kwa namna isiyopingana na imani ya Kikatoliki ya kale. Wakuu wa Oxford wakamlaani, na maaskofu mmoja baada ya mwingine wakamkataa.

Littlemore, mvua na padre aliyelowa

Mwaka 1842 alihamia Littlemore, kijiji kilicho nje kidogo ya Oxford, akaishi na wenzake wachache kwenye vibanda vilivyokuwa zizi la farasi. Walisali, walifunga, walisoma. Magazeti yakamwandama, watu walikuja hadi mlangoni kuchungulia. Mwezi Septemba 1843 aliacha kanisa lake la Mtakatifu Maria, na siku chache baadaye akahubiri kwa mara ya mwisho kama Mwanglikana katika kikanisa cha Littlemore. Mada yake ilikuwa kuagana na marafiki. Watu walilia waziwazi.

Bado kulikuwa na swali moja lililomzuia, na ni swali ambalo hata leo tunaulizwa mtaani na ndugu zetu wa madhehebu mengine: mbona ninyi Wakatoliki mna mambo ambayo hayaonekani hivyo kwenye Kanisa la mwanzo? Newman hakujibu kwa hasira. Alikaa chini kufanya utafiti, na mwaka 1845 akaandika kitabu kizima kuhusu namna mafundisho yanavyokua. Kwa lugha yangu mimi ningesema hivi: mche wa mwembe haufanani na mwembe mkubwa unaowapa kivuli watu wa jumuiya nzima, lakini ni mti uleule. Mche wa mwembe ukiota ukawa mchongoma, hapo ndipo uulize. Newman aliweka vipimo vya kutofautisha ukuaji wa kweli na uharibifu, kisha akaipima historia yote. Alikuwa anaandika amesimama mbele ya dawati lake, saa nyingi kwa siku. Kabla kitabu hakijaisha, jibu lilikuwa limeshapatikana. Aliweka kalamu chini, akakiacha kitabu bila kukimaliza.

Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1845 mvua ilikuwa inanyesha vibaya. Padre mmoja Mwitaliano wa Shirika la Mateso, Dominic Barberi, ambaye leo ni Mwenyeheri, alifika Littlemore amelowa chapachapa baada ya safari ndefu juu ya gari la farasi. Alikuwa amesimama mbele ya moto akijikausha. Newman akaingia, akapiga magoti miguuni pake, akaomba apokewe katika Kanisa Katoliki. Msomi mkubwa wa Oxford kapiga magoti mbele ya mgeni ambaye hata Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga! Kesho yake, tarehe 9 Oktoba, akapokewa. Ndiyo sababu tunamkumbuka tarehe hiyo kila mwaka.

Gharama yake? Alipoteza kazi, kipato na mji alioupenda. Dada yake Harriett alikata mawasiliano naye. Rafiki wa miaka mingi wakaacha kumwandikia. Aliondoka Oxford Februari 1846 na hakurudi kuitembelea kwa miaka 32.

Huku nako hakukuwa rahisi

Wengine tunadhani ukishafanya jambo jema Mungu atakunyooshea kila kitu. Someni maisha ya Newman. Alipata upadre Roma mwaka 1847, akarudi na kuanzisha Oratorio ya Mtakatifu Filipo Neri mjini Birmingham mwaka 1848. Waumini wake hawakuwa tena vijana wa matajiri. Walikuwa wafanyakazi wa viwandani na wahamiaji maskini kutoka Ireland. Kanisa lao la kwanza mjini lilikuwa jengo la zamani la kutengenezea pombe kali. Mwaka 1849 kipindupindu kilipolipuka Bilston, alikwenda na mwenzake Ambrose St John kuwasaidia mapadre wa huko waliolemewa na wagonjwa.

Maaskofu wa Ireland wakamwita akaanzishe Chuo Kikuu Katoliki Dublin. Alikiongoza kuanzia 1854 hadi 1858, akajiuzulu amechoka, huku chuo kikiwa bado kinayumba. Lakini mihadhara aliyoitoa kuhusu maana ya chuo kikuu inasomwa hadi leo. Alifundisha kwamba elimu isiyo na nafasi ya teolojia ina pengo, na kwamba ukweli hauwezi kupingana na ukweli. Mwanasayansi aachwe achunguze kwa njia zake, na mwanateolojia asiogope.

Mwaka 1859 aliandika makala kuhusu nafasi ya waamini walei. Akarudi tena kwa karne yake ya 4, akaonyesha kwamba wakati maaskofu wengi walipoyumba mbele ya Waariani, walioshikilia imani kwa uaminifu walikuwa waamini wa kawaida waliobatizwa. Ulikuwa ukweli wa kihistoria, lakini haukupendeza. Askofu mmoja akamshtaki Roma, na kwa miaka mingi Newman akatazamwa kwa jicho la shaka. Ndani ya Kanisa alilolitolea kila kitu! Hakuondoka. Hakunung'unika hadharani. Alisali, alifundisha watoto wa shule yake, aliungamisha maskini.

Mwaka 1864 mwandishi Charles Kingsley alimwita mwongo mbele ya taifa zima. Newman akaona sasa inatosha. Kwa wiki chache, akiandika usiku na mchana na mara nyingine akilia, akasimulia historia ya mawazo yake yote bila kuficha makosa yake, hata ile imani ya ujana kwamba Papa ni Mpinga Kristo. Aliwaachia wasomaji waamue. Uingereza nzima, Waanglikana kwa Wakatoliki, ikaona kwamba huyu mtu ni mkweli. Mwaka uliofuata alikutana tena na Keble na Pusey, nyumbani kwa Keble. Yeye na Keble walipokutana mlangoni hawakutambuana, walikuwa wamezeeka. Wakala pamoja, wazee watatu waliopendana.

Mwaka 1875 alijibu shutuma za William Gladstone, aliyekuwa waziri mkuu, kwamba Mkatoliki hawezi kuwa raia mwaminifu kwa sababu anamtii Papa. Hapo Newman akaeleza vizuri sana juu ya dhamiri. Dhamiri, alieleza, si ile tunayoisema siku hizi kwamba kila mtu afanye anavyojisikia. Ni sauti ya Mungu ndani ya mtu, inayoamuru hata pale tusipotaka. Ndiyo maana inahitaji kulelewa kwa sala, kwa mafundisho na kwa kutafuta ukweli kwa bidii. Mtu anayesema anafuata dhamiri huku anaogopa kufungua kitabu, bado hajaifuata.

Jioni ya maisha

Mwaka 1879 Papa Leo XIII akamfanya Kardinali. Alikuwa na miaka 78. Wingu la mashaka likaondoka siku moja, baada ya miaka 20. Akabaki Birmingham na ndugu zake wa Oratorio. Katika kikanisa chake kidogo cha chumbani alibandika ukutani, karibu na altare, picha za rafiki zake, walio hai na marehemu, akawa anawataja katika Misa. Wapo waliokuwa wamemkataa. Hakuwafuta.

Alifariki tarehe 11 Agosti 1890. Maelfu ya watu walisimama barabarani Birmingham jeneza lake lilipopita, wengi wao maskini. Papa Benedikto XVI alimtangaza Mwenyeheri mwaka 2010, Papa Fransisko akamtangaza Mtakatifu tarehe 13 Oktoba 2019, na Papa Leo XIV akamtangaza Mwalimu wa Kanisa tarehe 1 Novemba 2025.

Niliufungua tena ule ukurasa

Nilipomaliza kitabu kile nilielewa tatizo langu. Nilikuwa nimetenganisha vitu ambavyo kwa Newman vilikuwa kitu kimoja. Historia niliiweka kabatini, maadili nikayaacha kwa padre wa maungamo, na sala nikaiweka Jumapili. Kwa Newman, kusoma waraka wa kale kwa uaminifu kulikuwa jambo la dhamiri, na jambo la dhamiri lilikuwa jambo la kusimama mbele ya Mungu. Ukidanganya mezani unaposoma, usidhani utakuwa mkweli ukipiga magoti.

Basi nilirudi parokiani, nikaunakili ule ukurasa neno kwa neno. Kabla ya kupeleka tasnifu chuoni nilikwenda nyumbani kumwonyesha baba. Niliona ni haki yake kuwa wa kwanza kujua. Alisoma taratibu, miwani puani. Akaniuliza kama nina hakika na tarehe. Nikamwambia ndiyo, baba, nina hakika. Akazima redio, akaenda kulala. Siku kadhaa hatukuzungumza zaidi ya salamu.

Shangazi yangu mpaka leo anasema nimeiuza heshima ya ukoo. Sina la kumjibu, namheshimu tu na kumwombea. Ila mwezi Novemba uliofuata, siku ya Marehemu Wote, padre alipokuwa anasoma majina, nilisikia jina la yule katekista wa kwanza, mtu asiye na mtoto wa kumwombea Misa. Si mimi niliyeliandikisha. Nikamtazama baba. Alikuwa ameinama, anasali. Jina la babu lilifuata mara baada ya hilo.

Kijana mwenzangu, pengine na wewe una ukurasa wako. Huenda ni somo la chuo unaloogopa litakunyang'anya imani. Huenda ni swali kuhusu Kanisa ambalo umelifungia moyoni, au ukweli wa nyumbani ambao kila mtu anaupita pembeni. Usikimbilie kuliacha Kanisa, na usikimbilie kufunga daftari. Soma, sali, omba ushauri kwa mtu mwenye hekima, subiri, kisha chukua hatua moja. Kristo ni Kweli. Hawezi kupatwa na hasara kwa sababu sisi tumejua kilichotokea.

Mungu Baba, ulimwongoza mtumishi wako John Henry hatua kwa hatua kutoka gizani hadi kwenye mwanga wako. Utujalie nasi akili isiyoogopa ukweli, dhamiri isiyolala, na moyo wa kuwapenda hata wale watakaokasirika nasi. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu John Henry Newman, utuombee.